Wageni wa Darasa la Kwanza

Kila mwaka, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Mwalimu Twiga alikwenda peke yake kulitayarisha darasa lake. Hakutumwa na mtu. Alibeba ndoo, ufagio wa mpini mrefu, kopo la rangi lililobaki mwaka uliotangulia na vitambaa vikuukuu vya kufutia vumbi, akajifungia humo mpaka chumba kinukie sabuni. Mkewe alimtania kwamba angekuwa anaoga kwa bidii hiyohiyo, wangeokoa sana manukato.

Jina la Twiga alipewa na watoto zamani sana. Alikuwa mrefu kupita kiasi, na kwa kuwa maisha yake yote alifundisha darasa la kwanza, ambako wanafunzi humfika mtu mapajani, alizoea kuinamisha shingo kila anapozungumza, hata na watu wazima. Jina likamganda. Wazazi walilitumia, walimu wenzake wakalitumia, na mkewe akikasirika alimwita "wewe Twiga" mbele za watu bila kupepesa macho.

Mwaka huu mambo yalikuwa shaghalabaghala. Mto ulifurika ukameza mitaa ya bondeni, shule ikafungwa kabla muhula haujaisha, na madarasa wakapewa watu waliopoteza nyumba zao. Redio ilitangaza tarehe ya kufungua, ikaifuta. Ikatangaza nyingine, nayo ikasogezwa mbele, mpaka watu wakawa wanasikiliza tangazo la shule kama wanavyosikiliza utabiri wa mvua. Walimu kadhaa walihamishwa, wengine wakajihamisha wenyewe. Watoto walikuwa wametawanyika kwa ndugu na jamaa, na hakuna aliyejua ni wangapi watarudi. Ilisemwa pia kwamba darasa la kwanza likikosa watoto wa kutosha, litaunganishwa na la shule ya ng'ambo ya barabara kuu, na mwalimu wake atapewa mkono wa kwaheri, kwani hata hivyo umri wa kustaafu ulishamkaribia.

Hilo la mwisho Mwalimu Twiga hakulizungumza na mtu. Lakini usingizi wake ulikuwa umepungua, na siku hizi aliiacha chai yake mpaka ikapoa bila kujua.

Asubuhi hiyo alipita uwanjani, akaona madarasa mengi yameachwa wazi na watu wameshaondoka. Alifika mlangoni kwake, akausukuma kwa goti kwa kuwa mikono ilijaa.

"Hapa watu hawaingii bila kupiga hodi," sauti nyembamba ikasema kutoka ndani.

Mwalimu Twiga alirudi nyuma hatua moja kabla hajafikiri. Akaweka ndoo chini. Akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi. Mwalimu."

"Mwalimu wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa hakuna mwalimu," ile sauti ikamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza aliyepotea njia. "Hapa ni kwetu. Ngoja nimwulize mama."

Mama mtu alitoka mbio, mkanda wa kupimia ukimning'inia shingoni na pini mbili zikiwa midomoni. Alipomwona mwalimu alizitema pini kiganjani, akaamkia, akaomba radhi, akaamkia tena. Alikuwa mshonaji. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi kabla ya mafuriko na habari zake zilikuwa zikija kwa nadra. Nyumba waliyopanga bondeni ilibaki ukuta mmoja. Alichookoa ni cherehani na mtoto, naye mwenyewe alisema kwamba hakumbuki alivibebaje vyote viwili kwa pamoja.

Mtoto alisimama nyuma yake, msichana wa miaka sita hivi, mkono kiunoni, akimkagua mgeni kuanzia viatu kwenda juu. Safari ilikuwa ndefu. Alipofika kwenye uso alikunja paji.

"Mbona umerefuka hivyo?"

"Nilisahau kuacha," Mwalimu Twiga akajibu.

Mtoto alilipima jibu hilo, akaona linatosha, akamwambia karibu.

Ndipo mwalimu akatembezwa ndani ya darasa alilofundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Pale dirishani ni jikoni, akaonyeshwa, na asikanyage kwa sababu kuna chungu. Kona ile yenye picha za wanyama ni chumba cha kulala, na yeye hulala upande wa tembo. Meza ya mwalimu ilikuwa kiwanda. Cherehani ilikaa juu yake kama mfalme, na toka msumari wa ubao mpaka msumari wa dirisha ilipita kamba iliyojaa sare za shule, mashati upande huu, sketi na kaptura upande ule, nyingine hazina mikono, nyingine hazina vifungo.

"Ndiyo maana sijaondoka, Mwalimu," mshonaji akasema, macho chini. "Wenzangu walipata pa kwenda. Mimi, kila nikitaka kufungasha, analetwa mtoto mwingine kupimwa. Sare zao zote zilikwenda na maji. Nikiziacha nusu, hawa watakuja shule uchi?"

Mwalimu Twiga alishika ukosi wa shati moja dogo, likamtosha kidole na gumba. Ilimjia taratibu kwamba kama hizi sare ni za watoto, basi watoto wapo, mahali fulani, na wana nia ya kuja. Wiki nzima alikuwa akiwahesabu kichwani akiishia kwenye wasiwasi. Sasa aliwaona wananing'inia kwenye kamba.

Hakusema neno kuhusu kuondoka. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akaanza kufuta madirisha.

Mwalimu mkuu hakuwa na nafasi ya kujitia hamnazo namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mchapakazi, mwenye simu mbili zisizonyamaza, na aliwahi kukaa kwenye dawati la mbele la Mwalimu Twiga akilia siku tatu mfululizo kwa sababu penseli yake ilikuwa fupi kuliko za wenzake. Mbele ya watu Mwalimu Twiga alimwita Mkuu. Wakiwa wawili alimwita mwanangu, naye hakukataa.

Mchana ule alimwita ofisini, akamkalisha, akafunga mlango. Alimweleza kwamba Jumatatu mkaguzi anakuja kuangalia kama madarasa yanafaa. Akikuta mtu anaishi humo, darasa la kwanza halitafunguliwa, na watoto watapelekwa shule ya ng'ambo siku hiyohiyo. Barabara ile magari hayana breki, alisema, na vitoto vya miaka sita vitaivukaje? Yule mama lazima aondoke kabla Ijumaa haijaisha. Alikuwa amemtafutia nafasi kwenye mahema ya uwanja wa mpira, lakini mahema hayo yalikwishajaa, na isitoshe hapakuwa na umeme wala meza ya kuwekea cherehani.

"Ningekwenda kumwambia mimi," akasema, akikwepa macho ya mzee wake. "Nimekwenda mara mbili. Mara zote mbili yule mtoto amenikaribisha nikae, akanipa maji. Nikashindwa. Mwalimu, nakuomba. Wewe una ulimi."

"Ulimi ninao," Mwalimu Twiga akasema. "Tatizo na mimi nimepewa maji."

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akajifuta macho, na kicheko kikawa kimeisha.

Jioni, mezani, Mwalimu Twiga alimsimulia mkewe kila kitu isipokuwa lile alilokuwa akilifikiria. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kisicholaliwa na mtu. Kilikuwa cha mtoto wao wa mwisho, aliyekwenda kuishi nchi ya mbali na kupiga simu akikumbuka. Mkewe alikifagia kila Jumamosi, akakung'uta shuka ambazo hazikuwa na vumbi, akafunga mlango taratibu kama kuna mtu amelala. Mara moja tu, miaka iliyopita, mwalimu alipendekeza waweke humo magunia ya mkaa, na siku mbili nzima alikula chakula cha baridi na maneno ya baridi. Tangu hapo hakukigusa chumba hicho hata kwa mdomo.

Mkewe alisikiliza habari za mshonaji mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu, kama yule mama anakula vizuri.

"Sijui. Kuna chungu dirishani."

"Umekaa humo mchana kutwa, hukutazama ndani ya chungu?"

Alikiri kwamba hakutazama. Mkewe alitikisa kichwa kwa namna iliyoonyesha kwamba wanaume, hata wakisomesha watu, kuna masomo yaliyowapita.

Alhamisi adhuhuri mkewe akatokea mwenyewe shuleni, kapu mkononi, kitambaa kichwani kimefungwa kwa ajili ya kazi. Alisema ameleta chakula cha mumewe, ingawa kapu lilikuwa na chakula cha kushibisha watu sita. Alipiga hodi mlangoni, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, na jambo hilo likamfungulia moyo wa mwenye nyumba, yule mtoto, mara moja.

Walikula wote sakafuni. Baada ya hapo mke wa mwalimu alivaa miwani yake, akazitazama zile sare moja moja, akageuza mishono nje ndani.

"Huu mkono ni wako mwenyewe?" akauliza.

Mshonaji akaitikia kwa woga.

"Sijaona mshono ulionyooka hivi tangu marehemu mama yangu. Lete vifungo."

Basi mchana ule darasa la kwanza likageuka kiwanda kweli. Cherehani ilinguruma bila kupumzika, mke wa mwalimu akashona vifungo, mtoto akatunga uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake peke yake ndiyo yaliyoliona tundu. Mwalimu Twiga naye, baada ya kumaliza kupaka rangi ukuta wa chini, akapewa shati. Kifungo chake cha kwanza alikishona kikashikana na suruali aliyovaa. Wanawake walicheka mpaka mshonaji akasimamisha gurudumu la cherehani na kujiegemeza mezani, na mwalimu, akiwa bado amefungwa kwenye shati la mtoto, aliona kwamba hajawahi kumwona yule mama akicheka.

Walipotulia, mtoto alimgeukia mke wa mwalimu. "Bibi, na wewe una nyumba?"

"Ninayo."

"Ina watu?"

Sindano ilisimama. Mwalimu Twiga aliinamisha shingo yake juu ya shati kana kwamba ndani yake mna kitu cha kusoma.

"Ina watu wawili wazee," mkewe akasema, "na chumba kimoja ninachokifagia bure." Akakata uzi kwa meno. Kisha akamtazama mshonaji. "Dirisha lake linaangalia barabarani. Wateja watakuona. Meza ipo. Nisikilize vizuri, mwanangu, sikuombi uje kama mtu wa kuhurumiwa. Mimi nina miaka nazungumza na huyu Twiga peke yake, na mazungumzo yake nimeshayakariri. Nitafurahi kusikia mashine inalia ndani ya nyumba."

Mshonaji alijaribu kusema kwamba hawezi, kwamba atawasumbua, kwamba mtoto ana maneno mengi. Hakuna aliyemsaidia kukataa. Mwishowe alifunika uso kwa ile sketi aliyokuwa akiipinda, akalia kidogo, kisha akaikagua kwa haraka asije akawa ameilowesha.

Mwalimu Twiga alitoka nje kumwaga maji machafu, akakaa huko muda mrefu kuliko ndoo moja inavyohitaji.

Walidhani kazi imekwisha. Lakini Ijumaa, mkokoteni ulipokuja na cherehani ikashushwa kutoka mezani, mwenye nyumba hakuonekana. Walimtafuta uwanjani, chooni, nyuma ya ofisi. Mwalimu Twiga ndiye aliyemwona, chini ya dawati la mwisho, amekumbatia mguu wa dawati hilo kwa mikono miwili.

Mama yake alitaka kumvuta. Mwalimu akamzuia kwa ishara, akaomba waachwe wawili. Alivua koti, akapiga magoti, akaona hayatoshi, akalala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya saruji aliyokuwa ameisugua mwenyewe.

"Sitoki," mtoto akasema.

"Sawa."

"Hii nyumba yetu. Ile nyingine ilichukuliwa na maji. Hii sasa mnaichukua nyie."

Mwalimu Twiga alikuwa amewabembeleza watoto wengi wasiotaka kuingia darasani. Hakuwahi kupata aliyekataa kutoka. Maneno yake yote ya kazi yalikuwa yameelekea upande mwingine.

"Hatuichukui," alisema mwishowe. "Ila Jumatatu inapata wageni. Wengi. Wa umri wako."

"Kwa nini wasiende kwao?"

"Wataenda, jioni. Lakini asubuhi watakuja hapa, na nitakuambia kitu, mama mwenye nyumba. Watakuwa wanaogopa. Wengine maji yaliwafanyia kama yalivyokufanyia wewe. Hawajui hapa pakoje. Hawajui upepo unapiga wapi, wala dirisha lipi halifungi. Mimi najua, lakini mimi ni mrefu, watoto wengine siku ya kwanza wananiogopa. Sina mtu wa kuwakaribisha."

Mguu wa dawati ulikwaruza kidogo.

"Watakuja na viatu vya matope?"

"Inawezekana."

"Wavue mlangoni."

"Nitawaambia."

"Hapana. Nitawaambia mimi." Akatoa kichwa nje. "Na walale upande wa tembo?"

"Hawalali. Lakini wanaruhusiwa kumtazama."

Alifikiri. Kisha akanyoosha mkono ili asaidiwe kusimama, na ikawa yeye ndiye aliyelazimika kumsaidia mwalimu, kwa sababu mgongo ulikuwa umegoma. Walitoka wakishikana, mmoja amepinda na mwingine amenyooka.

Jumatatu mvua haikunyesha. Mwalimu Twiga alifika mapema mno, akasimama ubaoni kwa suti yake ya kila mwaka, akasikiliza. Alifuta ubao uliokuwa safi tayari, kama kijana aliyetoka chuoni jana. Kwa kitambo hakuja mtu yeyote, na alianza kujiambia kwamba ni sawa, kwamba amefanya kazi yake, kwamba kustaafu si kufa.

Ndipo akasikia nje ile sauti nyembamba. "Piga hodi kwanza. Kwa nguvu. Haya, karibu. Viatu hapo."

Wakaanza kuingia, mmoja, wawili, halafu kundi, wengine wakiwa na soksi, wengine miguu mitupu, sare mpya zikiwakwaruza shingo, wazazi wakichungulia nyuma yao. Mwenye nyumba alimshika kila mmoja mkono, akamwonyesha pa kukaa, akamtahadharisha juu ya dirisha bovu. Aliyelia alipelekwa kwa tembo. Walikuwa wachache kuliko miaka mingine, hilo lilionekana wazi, na madawati ya nyuma yalibaki matupu. Lakini hayakuwa matupu kama alivyoyaona kwenye ndoto zake mbaya.

Mkaguzi alikuja saa nne, mtu mnene mwenye haraka, mwalimu mkuu akimfuata na simu zake zote mbili zimezimwa. Mwenye nyumba aliwasimamisha mlangoni. Mkaguzi alimtazama mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akatazama dari. Mkaguzi akainama akavua viatu, na kidole gumba kikachomoza kwenye soksi ya kushoto kikamsalimia kila mtu. Darasa zima lilikiona. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mwenye nyumba aliwakazia macho. Alipomaliza kukagua kuta, sakafu na paa, mkaguzi alisema chumba kinafaa, na kwamba kwa mwaka huu darasa libaki lilipo.

"Na mwaka ujao?" mwalimu mkuu akamwuliza koridoni.

Mkaguzi, akifunga kamba za viatu, alisema mwaka ujao yeye mwenyewe hajui atakuwa wapi.

Mwalimu Twiga alilisikia jibu hilo kupitia dirisha lisilofungika. Zamani lingemnyima usingizi. Lakini watoto walikuwa wamefungua midomo wakimsubiri awaambie herufi ya kwanza inaitwaje, na mtu hawezi kuwaacha watu na midomo wazi.

Jioni alirudi nyumbani akiwa na mpangaji wake mdogo, aliyemshika kidole kimoja kwa kuwa mkono mzima ulikuwa mkubwa mno. Kengele ilipolia na wageni wakatawanyika, mtoto alikuwa amenuna. Alisema wamekaa muda mfupi sana, na mmoja hakuaga.

"Wale wote wana kwao?" akauliza.

Mwalimu Twiga aliwafikiria wale waliotoka kwenye mahema. Hakupenda kumdanganya mtoto. "Karibu wote," akasema.

"Wasio na kwao waje kwetu."

"Kwetu pana vyumba viwili tu, mama mwenye nyumba. Na hilo si la mimi na wewe. Itabidi tumwombe Bibi."

"Nilishamwomba asubuhi," mtoto akasema. "Amesema waje Jumamosi, wale chakula kwanza, halafu ataona."

Mwalimu Twiga alisimama katikati ya njia, akainamisha shingo yake yote kumtazama. Kisha akakumbuka kwamba mshonaji alimwagiza uzi mweupe, na duka lilikuwa karibu kufungwa, wakaongeza mwendo.